Dagaa wa Vanga kwa Maziwa ya Kombewa

Nilitoka Vanga, kwetu pwani, kwa sababu ya magunia. Wafanyabiashara waliozoea kuja na malori kuchukua dagaa wetu na kuwapeleka Kongo waliacha kuja ghafla, na ghala la kikundi chetu likajaa mpaka mlangoni. Sisi ni akina mama tunaochemsha dagaa wa baharini kwa maji ya chumvi, kisha tunawaanika juani kwenye chanja. Mvua ikianza na mzigo ungali ndani, unyevu huingia, dagaa wakaota ukungu, na kazi ya msimu mzima ikatupwa.

Siku hizo akanipigia simu Mwalimu Akinyi, aliyewahi kusomesha Vanga kabla ya kurudi kwao Kombewa, karibu na Ziwa Victoria, ambako sasa ni mkuu wa shule ndogo ya chekechea. Kwao ilikuwa ile miezi ambayo uvuvi wa omena, yaani dagaa wa ziwani, hufungwa ili wazaane. Waliobaki sokoni walikuwa ghali, na watoto wake walikuwa wakila ugali kwa sukuma wiki siku nenda siku rudi.

"Mama Zuhura, lete tujaribu," aliniambia. "Watoto wakikubali, nitaongea na shule zingine za huku."

Wenzangu wakanichagua mimi, nadhani kwa sababu nina mdomo. Nikafunga gunia moja.

Jumatatu asubuhi nilipanda basi Mombasa. Kijana wa kupakia mizigo alilinusa gunia, akaniuliza nimebeba nini. Nikamwambia nimebeba chakula, kama hakipendi asikile. Akalisukuma pembeni kabisa, mbali na masanduku ya watu. Nilibadilisha basi Nairobi, na sina la kusimulia kuhusu njia hiyo ila kwamba ni ndefu na miguu ilinivimba.

Jumanne, Kisumu. Sikuwa nimewahi kuliona ziwa, nikateremka hadi ukingoni kabla hata ya kunywa chai. Maji hayana mwisho, kama kwetu, lakini upepo wake hauna harufu ya chumvi. Kwa ubishi tu nilichovya kidole nikaonja. Kweli, ni maji matamu. Mzee mmoja aliyekuwa akiosha pikipiki aliniangalia, akaniambia kwa upole kwamba maji ya kunywa yanauzwa pale juu.

Siku hiyo hiyo nilichukua gari la Bondo linalopitia Kombewa, likasimama Otonglo kidogo abiria wanunue mboga. Muuza omena mmoja aliniona na gunia, akataka kujua kilichomo. Nikampa dagaa kiganjani.

"Hii omena ni ya wapi?" aliuliza.

"Ya baharini. Sisi tunawachemsha kwanza, ndipo tunawaanika."

"Mnauza kama imeshaiva? Sasa mwenye kununua atafanya kazi gani?" Alitafuna polepole. "Iko na chumvi mingi. Lakini ni tamu."

Omena wake walikuwa wameanikwa wabichi, bila chumvi, na walikuwa na mchanga. Nilipanda gari nikiwa na matumaini makubwa.

Kombewa nililala kwa Mwalimu Akinyi, na Jumatano asubuhi tukaenda shuleni. Mpishi, Mama Risper, ni mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi. Nilimweleza kwamba dagaa wetu wanalowekwa maji baridi kupunguza chumvi, wala hawahitaji kuoshwa kwa maji moto kama omena. Akasema, "Sawa, Mama." Nami nikatoka kwenda kuangalia madarasa, na hapo ndipo nilipokosea. Ningebaki jikoni.

Niliporudi, sufuria ilikuwa imejaa mchuzi mweupe.

"Hii chumvi yenu imekataa kutoka," Mama Risper alisema. "Nimeongeza maziwa."

Kwao samaki kupikwa kwa maziwa ni jambo la kawaida, tena ni pishi la heshima. Kwetu samaki na maziwa haviingii tumbo moja. Nililelewa nikiambiwa kwamba mwenye kuvichanganya hutokwa na mbalanga, ngozi ikafanya madoa meupe. Mama yangu alikuwa akipita na kikombe cha maziwa mbali na sufuria ya samaki. Sikuwahi kujiuliza kama ni kweli.

Watoto wakakaa, sahani zikagawiwa. Mwalimu Akinyi akawaambia kwamba huyu ndiye mama aliyewaletea samaki kutoka baharini, na kwamba ataonja wa kwanza. Akanipa bakuli. Macho yote yakanielekea.

"Nimeshiba," nikasema, nikaliweka bakuli mezani.

Msichana mdogo wa mstari wa mbele aliuliza kitu kwa Kijaluo. Mwalimu hakutaka kunitafsiria, nikamsihi. "Anauliza kwa nini mwenye samaki hali samaki wake."

Mtoto huyo akasogeza dagaa pembeni mwa sahani kwa kidole, jirani yake akafuata, na baada ya muda mfupi chumba kizima kilikuwa kinakula ugali mkavu. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe.

Nje, nilimweleza Mwalimu Akinyi sababu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanyoosha mikono yake yote miwili mbele yangu.

"Nimekula samaki kwa maziwa tangu utotoni. Angalia ngozi yangu."

Niliangalia. Haikuwa na doa.

"Nitakula kesho, mbele yao," nikasema.

"Kesho wataona nimekulazimisha. Hata wazazi watasikia leo hii, watoto hawa hawafichi kitu." Aliongea bila hasira. "Oda ya shule zingine tungoje kwanza, Mama Zuhura. Pengine mwaka ujao."

Nilirudi jikoni kuaga. Mama Risper alinipakulia bakuli bila kuniuliza, nami nikakaa kwenye kigoda nikala lote. Maziwa yalikuwa yameiondoa ile chumvi kali na kuacha utamu wa samaki wenyewe. Sijawahi kupika dagaa hao vizuri hivyo mimi mwenyewe, na miaka yote naishi nao.

Ijumaa nilifika Vanga. Njiani nilikuwa nimeshatunga maneno: watu wa ziwa wana samaki wao, hawajazoea wa baharini, tuwape muda. Yalikuwa maneno mazuri. Wenzangu walikuwa wananingoja mbele ya ghala, na Halima, mwenyekiti wetu, ndiye aliyeuliza.

"Wamewakataa dagaa wetu?"

"Watoto walikuwa na sahani mikononi, tayari kula," nikamjibu. "Aliyewakataa ni mimi."