Ukurasa wa Pili wa Wasifu wa Shosho

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikitoka Kinoo ni kwenda mjini kwa mzee anayetandaza vitabu vya mitumba kwenye turubai kando ya barabara, na hata hapo sikai. Ninachopenda ni riwaya za vita vya zamani: majenerali wenye majina makubwa, wake zao, wapishi wao, wasaliti wao. Mabomu ya Ulaya nimeyakimbia mara nyingi kuliko nilivyofika Kenyatta Market kusukwa nywele. Na kwa elimu yangu ya kidato cha nne, niliwahukumu wote. Huyu mwoga. Yule angekataa tu. Nilikuwa hakimu mkali sana, nimejikunja kwenye kochi na blanketi miguuni.

Shosho, mama wa mama yangu, alipougua aliletwa kwangu, kwa kuwa katika ukoo mzima mimi ndiye niliyejulikana kuwa sina pa kwenda. Mchana nilimsomea riwaya ya jenerali mmoja maarufu wa msituni, enzi za Hali ya Hatari ya mkoloni, nikiitafsiri kadiri nilivyoweza na kubuni nilipokwama. Alisikiliza amefumba macho. Jenerali akilala pangoni na msichana mrembo, shosho anauliza walikuwa wanaoga wapi. Msaliti wa kitabu alikuwa na kovu usoni ili tusimkosee. Nikafika pale wanakijiji wamepangwa foleni, na mtu aliyefunikwa gunia anapitishwa mbele yao. Akimtikisia mtu kichwa, huyo anachukuliwa. Shosho akanishika mkono.

"Funga hiyo," akasema. "Huyo wenu ana kovu. Wa kwetu alikuwa na miguu."

Alinieleza kwa siku mbili, maana pumzi ilikuwa haba. Alikuwa msichana wa miaka kumi hivi, katika kijiji kilichozungushiwa handaki ambalo mama zao walilichimba wenyewe kwa amri. Gunia lilifika magotini tu. Akaitambua miguu, kidole kidogo kimepanda juu ya mwenzake. Ilikuwa ya mama yake. Kichwa kikatikisika mbele ya jirani yao, fundi wa mbao, naye hakurudi tena. Jioni ile mama yake alipika uji wa unga ambao asubuhi haukuwapo. Shosho akaunywa. Hilo la kuunywa ndilo lililomkalia kifuani miaka yote.

"Ukiniandikia wasifu, andika hilo," akaniambia. "Usinipeleke msituni. Siku hizi kila anayekufa alikuwa msituni, sijui handaki lilichimbwa na nani. Mtoto wa yule fundi ni mzee wa kanisa letu. Atakuja kunizika. Na asikie."

Nikamwahidi. Nikamtania kwamba kwa uvivu wangu afadhali asife, aniokolee kazi. Akacheka hadi akakohoa. Wiki haikuisha.

Niliandika kurasa mbili, na hilo likawa juu ya ukurasa wa pili. Kamati ya mazishi ikajaza kijitabu cha ibada picha na nyimbo, ikasema wasifu nitausoma mwenyewe, si mimi ndiye mtu wa vitabu?

Sasa, kwetu binti wa pili hupewa jina la mama wa mama yake. Mama yangu ni binti wa pili. Jina la aliyekuwa ndani ya gunia ndilo lake, na kaka yangu naye akampa mtoto wake wa kwanza jina la mama. Mambo haya nayajua tangu utotoni, lakini sikuyafikiria mpaka niliposhika kipaza sauti nikawaona mstari wa mbele, mtoto amekaa mapajani mwa mama, nyanya yake, soksi nyeupe. Nyuma yao mzee wa kanisa, kofia magotini, ameinama mbele kidogo kama mtu ambaye masikio yameanza kumsumbua.

Nikasoma kuzaliwa kwake. Nikafungua ukurasa wa pili, nikaliona lile jina, nikaruka hadi ndoa. Na ili pengo lisionekane, nikaongeza kwa mdomo kwamba alipokuwa mdogo alipeleka chakula msituni kwa wapiganaji. Watu wakapiga makofi. Mama akapangusa machozi.

Wakati wa chakula mzee alinifuata na sahani yake ambayo hakuigusa.

"Umesoma vizuri, mama," akasema. "Lakini shosho yako alinipigia simu kabla hajatuacha. Aliniambia nisikose, kuna neno langu mle ndani. La baba."

Karatasi ilikuwa kwenye mkoba, chini ya kwapa langu. Nikamjibu kwamba siku zile za mwisho dawa zilikuwa zinamchanganya.

Alinitazama. "Labda," akasema, akaweka sahani chini, akaenda kusaidia kukunja viti, kwa umri ule.

Karatasi bado ninayo. Kila Jumapili ananisalimu mlangoni mwa kanisa, anamuulizia mama kwa jina lake, halafu anasubiri kidogo kabla ya kuniachia mkono.