Ringwani miaka ya 50: walivyotaka kunirudisha kwetu kwa sababu ya mgongo

Wakuu, habari za humu ndani.

Mtakaoanza na shikamoo, marahaba, nimewaitikia wote kwa mkupuo. Nina umri wa bibi zenu, na kwa wengine nina umri wa mama wa bibi zenu, kwa hiyo asitokee mtu hapa kuniambia "ID mpya, tulia".

Nimechoka jamani.

Kila nikifungua jukwaa hili nakutana na kijana kaandika: "Dawa ya mgongo, wiki moja tu, nicheki inbox." Mgongo wangu una umri mkubwa kuliko Uhuru wa nchi hii, halafu mtoto mwenye unga kwenye chupa ya maji ananiahidi wiki moja. Pumbavu kabisa.

Basi leo nimeweka mto nyuma ya kiuno, nawaandikia yaliyonipata mimi mwenyewe. Siongezi chumvi. Wengi wa wale ambao wangenibishia nimeshawazika, lakini sitawasingizia kwa sababu hiyo.

Twende.

Niiteni Bhoke. Mimi ni Mkurya wa upande wa Nyangoto, Tarime, na nimezaliwa kabla ya hayo mashimo makubwa ya dhahabu mnayogombania. Niliolewa Ringwani, ambako siku hizi ni wilaya ya Serengeti. Mume wangu alikuwa Mwita. Baba yake alishafariki, kwa hiyo boma lile lilikuwa chini ya mama mkwe, Wankuru, mwanamke mwenye sauti ya kuita ng'ombe mlima wa pili.

Kwa wasiojua mambo yetu: ng'ombe wa mahari walionioa mimi hawakukaa zizini kwa baba. Kaka yangu Chacha aliwapokea huku, akawatoa kule, akaoa mke wake Robi. Ndivyo ilivyokuwa, msichana anaolewa ili kaka yake naye apate mke.

Maana yake mimi nikirudishwa, wakwe wanataka ng'ombe wao. Ng'ombe hawapo, wako kwa kina Robi. Kwa hiyo Robi naye anarudishwa ili watoke. Nyumba mbili zinaanguka kwa kiuno kimoja.

Shikeni hapo, maana uzi wote umesimama hapo.

Mgongo ulianza baada ya mtoto wangu wa kwanza. Mkoloni alikuwa amelazimisha kila boma lilime muhogo wa kukinga njaa, na bwana shamba alipita kukagua amesimama wima, ananyooshea vidole matuta ya watu. Sisi jembe letu lilikuwa na mpini mfupi, unainama mpaka unanusa udongo.

Siku moja nikataka kuinuka, nikashindwa.

Kitu kilikata kiunoni, maumivu yakashuka kwenye tako, yakapita nyuma ya paja mpaka kisiginoni, moto mtupu. Nikabaki nimekunjika palepale, nimeshika shina la muhogo.

Wankuru akacheka. "Bibi harusi wetu amechoka kabla jua halijapanda!" Na majirani wakacheka naye, si mnajua watu.

Kuanzia hapo nikawa mvivu. Hilo ndilo lilikuwa jina la ugonjwa wangu.

Nikapelekwa kwa mzee wa chuku. Akanichanja na wembe, akaweka pembe ya ng'ombe, akafyonza, akawaonyesha watu: "Mnaona uchafu?" Uchafu gani? Ilikuwa damu yangu nzima kabisa. Nilitoka pale na mgongo uleule, nimeongezewa vidonda juu yake. Wale wa inbox, huyo ndiye babu yenu.

Nikapelekwa zahanati ya misheni. Mzungu akanibonyeza, akanipa vidonge vyeupe, akasema kupitia mkalimani nisiiname na nisibebe kitu kizito.

Nisiiname!

Wakuu, mwanamke wa Kikurya, miaka hiyo, asiiname? Kusaga ulezi kwenye jiwe ni kuinama. Kufagia ni kuinama, kupika ni kuinama, kumwogesha mtoto ni kuinama. Maji yatoke mtoni yenyewe yaje nyumbani? Yule mzungu alikuwa na mpishi, na mpishi alikuwa na mke.

Nikaona hawa wote wananichezea. Nikaingia porini na panga, nikakata mti mrefu wa kunifika kifuani, nikauchonga, nikautia jembe. Kesho yake nikalima nimesimama.

Maumivu hayakuisha, sitawadanganya kama wengine. Yalipungua kiasi cha kumaliza tuta bila kulia.

Wankuru aliponiona alirusha mikono juu. Kwao kulima umesimama ilikuwa dharau, yaani unajifanya bwana shamba, unawakagua wakwe zako. Akaninyang'anya jembe, akang'oa mpini. Jioni ile akaufanya kuni, akapikia ugali.

Na huo ugali niliula. Ningefanyaje?

Halafu akaita ukoo. Akasema ameletewa mgonjwa asiyefaa na mwenye kiburi juu, anataka ng'ombe wake.

Siku ya kikao Chacha akafika. Huyo ndugu yangu tangu niolewe hajawahi kuja kunitembelea hata kwa bahati mbaya, leo anatokwa jasho kwa haraka. Mnadhani aliuliza ninaumwa wapi? Thubutu! "Dada, jikaze kidogo. Unataka kunivunjia nyumba?" Dume zima hilo, mura, linategemea kiuno cha dada yake.

Lakini alikuja na Robi. Tumbo lake lilikuwa limeshaanza kuonekana. Hakuniomba kitu, aliniangalia tu, na mimi nikaumia kuliko mgongo wenyewe. Nikaamua moyoni: nitasema nimepona. Nitarudi kwenye mpini mfupi, nitainama mpaka nikatike.

Tukakaa uani. Wanaume kwenye vigoda, wanawake chini kwenye ngozi za ng'ombe, miguu tumenyoosha. Mwenye kikao alikuwa Nyamhanga, baba mdogo wa mume wangu. Mwita mwenyewe alikuwa anachora chini na fimbo. Alichora siku nzima, sijui alikuwa anatafuta nini kwenye vumbi.

Wankuru akaanza kunisema, mvivu, kiburi, mgongo wa kusingizia. Wanaume wa nyuma wakalalamika hawasikii.

Nyamhanga akasema, "Shemeji, simama wakusikie wote."

Wankuru akaweka mkono chini, akajisukuma. Akainuka nusu.

Akakwama hapohapo.

Watu wakadhani hasira imemkaba. Mimi nilijua. Ule mkono unaopapasa hewa kutafuta pa kushika, yale meno yaliyobanwa, jasho juu ya mdomo, mimi nilikuwa nayafanya kila asubuhi nikijificha nyuma ya nyumba. Mama huyu mgongo ulikuwa umemkata mbele ya ukoo mzima, na alikuwa anaona afadhali afe kuliko kusema "naumia".

Hakuna mwanamume aliyesogea. Aliyeinuka ni Robi, na tumbo lake. Yule wanayetaka arudishwe ndiye aliyemshika Wankuru kwapani asianguke.

Hapo nikasahau uongo wote niliokuwa nimeuandaa. Nikasema kwa sauti, mbele ya wakwe:

"Na huyu naye arudishwe kwao?"

Kwa mila zetu hapo nilistahili fimbo, na niliisubiri. Mtoto mgongoni kwangu akapiga chafya, ikasikika ua mzima.

Nyamhanga akamtazama shemeji yake. "Mama Mwita, huo mgongo ulianza lini?"

Wankuru akiwa bado ananing'inia kwa Robi, akamwonyesha Mwita kwa kidevu. "Mimba ya huyu."

Mwita akaacha kuchora.

Mzee akageuka kuwatazama wanawake wakubwa waliokaa kwenye zile ngozi. Wote walikuwa wanatembea wamepinda, na sisi sote tulikuwa tunaita uzee. Hakuna aliyeinua uso. Nyamhanga akajikuna shingo, akasema ng'ombe wakae walipo, akaomba aletewe pombe. Kesi ikaisha hivyo, bila hata mtu mmoja kuniambia pole.

Robi akabaki kwake. Alijifungua msichana, na msichana huyo leo ni bibi.

Jina la ugonjwa nimelijua uzeeni, mjukuu aliponipeleka Mwanza kupigwa MRI. Daktari kijana, anayenukia marashi, akanionyesha picha: diski za chini za uti wa mgongo zimechakaa, zimesinyaa, mfupa umekaribia mfupa. Akasema, "Bibi, hii haiponi, tutaisimamia tu." Nikamwambia, mwanangu, nimeisimamia tangu baba yako hajazaliwa.

Na ndivyo ninavyoishi. Kitandani naamka kwa ubavu kwanza. Kigoda sikalii, vyombo naoshea mezani, natembea mpaka kwa jirani na kurudi. Kuna siku nashinda vizuri, kuna siku natukana tangu alfajiri.

Nimebakiza kitu kimoja.

Muda si mrefu baada ya kile kikao, Wankuru alinifuata shambani. Kuomba radhi haikuwa kazi yake. Alisimama kando ya matuta, akaangalia mlimani kama anatafuta ng'ombe aliyepotea, akauliza:

"Ule mpini ulikuwa unakufika wapi?"

Nikamwonyesha kifuani.

Akasema: "Ukikata wako, ukate na wangu. Ila usiwe mrefu sana, watu wasiuone kwa mbali."

Nikaukata mrefu vilevile.

Funzo ni hili: mtu akikwambia anaumwa mgongo, usimpime kwa macho. Na wewe unayeumwa ukaficha ili uwacheke wenzako, siku yako ya kusimama mbele ya watu inakuja. Mnaokaa kwenye kiti kutwa mkicheza na simu, msijidanganye kwamba hii ni shida ya wanawake wa jembe, ninyi mnainama kuliko sisi.

Wenye migongo, karibuni muweke comment, tusemane ukweli. Nyie wenye dawa ya wiki moja, njooni na nyinyi. Mpini wangu uko nyuma ya mlango, na siku hizi nauchukua bila kuinama.