Povu Lisilowekwa na Mtu

Watu walimwita Mama Mizani, na jina hilo alilipata kihalali. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa mpimaji katika ghala la nafaka. Kila gunia lililoingia alilipima, kila lililotoka alilipima, na tofauti ikionekana hakutulia mpaka ajue imekwenda wapi. Madereva walimwogopa kuliko walinzi wa getini. Kuna mmoja alikuwa na mchezo wa kuja na pipa la maji limejaa kwenye lori lake, anapimwa, anashusha mahindi, kisha anayamwaga maji kichochoroni kabla ya kupimwa tena, ili maji yahesabiwe kuwa mahindi. Mama Mizani alimgundua kwa kuangalia tope kwenye viatu vyake. Kwake yeye dunia ilikuwa na sheria moja: kilichomo kimeingizwa, na aliyekiingiza ana jina.

Mumewe alipofariki, na ghala likafungwa mwaka uleule, wifi yake, yaani dada wa marehemu, alimwambia waje wafanye kazi pamoja. Wifi alikuwa mpika sabuni. Aliishi chumba cha uani katika nyumba ya kaka yake tangu ujana, hakuolewa, na alikuwa mtu wa maneno machache mno. Karakana yao ilikuwa chumba kilichopakana na chake: sakafu ya saruji, meza ndefu, sufuria mbili kubwa, mwiko wenye urefu wa mkono wa mtu mzima, na visanduku vya mbao vya kumiminia sabuni ili igande. Malighafi zilikuwa tatu tu, mafuta, maji na kostiki, yale magadi makali yanayounguza ngozi mtu akiyashika bila glavu.

Shaka ilimwingia mwezi wa kwanza. Alipima mche wa sabuni siku ulipotolewa kwenye kisanduku, akaupima tena baada ya wiki tatu, akakuta umepungua. Alikaa siku mbili akichunguza kingo za miche kama zimekwanguliwa. Wifi alipomwambia kuwa ni maji yanakauka tu, alikubali kwa mdomo, lakini kimoyomoyo alijiambia kwamba kila mwizi aliyemshika maishani mwake alikuwa na maelezo mazuri.

Ila lililomkosesha raha kabisa lilikuwa povu. Aliyachukua mafuta peke yake akanawia, mikono ikabaki inateleza na uchafu wake. Maji peke yake hayakutoa povu hata ayapige vipi. Maji ya kostiki aliyagusa kwa ncha ya kidole, kikaungua. Vitu vitatu, kimoja kinachafua, kimoja kinaunguza, kimoja hakina habari, halafu vikikaa pamoja vinatoa kitu kinachosafisha na hakiunguzi. Povu limetoka wapi? Katika ghala, gunia la mahindi likitoka na maharage ndani, mtu hasemi yamejitokeza.

Hapa kuna namna, akasema moyoni.

Na kweli namna ilikuwepo, ndivyo alivyoona, kwa sababu kila asubuhi kabla ya kuwasha jiko wifi aliingia chumbani kwake, akafunga mlango, na Mama Mizani akasikia ufunguo ukizunguka kwenye sanduku dogo la bati. Dakika mbili, tatu. Kisha wifi alitoka akifuta mdomo kwa ncha ya khanga na kuanza kukoroga. Mtu anayejua siri ya kazi hawezi kuitembeza wazi mbele ya mjane aliyekaribishwa kazini juzi.

Wifi alipokwenda kumwuguza mpwa wake, mtoto wa dada yake, kwa siku moja, Mama Mizani alijaribu kupika mwenyewe. Vipimo alivijua kuliko mtu yeyote. Alimimina kostiki kwenye maji, si maji kwenye kostiki, kama alivyoonyeshwa, akaacha ipoe, akachanganya na mafuta na kukoroga. Kila baada ya dakika chache alisimama, akachota kidogo kwa kijiko, akakiangalia, akakipima, akaandika kwenye daftari. Alitaka kuukamata ule wakati hasa sabuni inapoingia. Jioni mafuta yalikuwa yameelea juu na maji makali yamekaa chini, kama watu waliogombana. Machale yakamcheza. Kuna kitu cha nne.

Wiki iliyofuata wifi alitoka kwenda dukani akasahau ufunguo juu ya kitanda.

Mama Mizani alisimama mlangoni kwa muda. Baadaye alikiri kwamba hata pale alijua anachofanya si kizuri. Akafungua. Ndani ya sanduku la bati mlikuwa na picha ya wazazi wa wifi, vipande vya karatasi, na chupa ya kahawia isiyo na karatasi ya jina, yenye maji mazito yanayonukia utamu. Basi ni hii. Moyo ulimwenda mbio kama siku zile za kukuta jiwe ndani ya gunia. Sufuria aliyoiacha wifi ilikuwa juu ya jiko, mchanganyiko haujaanza kuwa mzito. Aliinua chupa akamimina yote, akashika mwiko.

Wifi alimkuta anakoroga. Aliiona chupa tupu mezani, akavuta kigoda akakaa. Mama Mizani ndiye aliyeanza: amechoka kufanywa mjinga, kama kuna dawa ya kutoa povu aambiwe tu, wao ni ndugu.

"Hiyo ni dawa yangu ya kifafa," wifi akasema. "Naimeza kila asubuhi tangu nina miaka kumi na mitano."

Mama Mizani aliuachia mwiko.

"Kaka alijua," wifi akaendelea. "Nilimwomba asimwambie mtu. Nilijua watu wakijua, hakuna atakayenunua sabuni niliyoishika. Hata wewe ungenikwepa."

Chupa mpya ilipatikana hospitali tu, na dirisha la dawa lilikuwa limeshafungwa siku ile. Wifi alifunga nguo zake chache, akachukua sanduku la bati, akaenda kwa mpwa wake. Hakugomba. Alisema tu kwamba sufuria ile isimwagwe uani, kostiki itaua majani.

Siku zilizofuata Mama Mizani alikaa na mawazo mawili yaliyomvuta huku na huku. La kwanza lilikuwa aibu, na hilo alilijua jina lake. La pili lilikuwa shaka, nayo sasa ilimgeukia marehemu. Miaka ishirini na tisa ya ndoa, na yule bwana alilala ubavuni mwake na siri ya dada yake kifuani, hajaidondosha hata kwa bahati mbaya. Alikuwa na nini kingine? Alipekua mifuko ya makoti ya zamani. Akakuta tiketi na kifungo.

Na bado povu halijapata mwenyewe.

Nyumba ya tatu kutoka kwake aliishi mwalimu mstaafu wa kemia, mteja wao wa siku nyingi. Mama Mizani alimwendea na kumwuliza bila kuzunguka: nani anaweka povu kwenye sabuni? Mwalimu alivua miwani akaifuta. Alisema hakuna mtu. Povu halimo ndani ya mafuta wala ndani ya kostiki, ila vikikutana, na kukaa pamoja kwa namna fulani, huibuka kitu chenye tabia ambayo hakuna hata kimoja kilichokuwa nayo. Akamtolea mfano wa chumvi: kuna madini yanayowaka moto yakiguswa na maji, na kuna hewa ya sumu inayokaba koo, na vikiungana mtu anavitia kwenye mboga.

"Na nani alionja kwanza?" Mama Mizani akauliza.

Mwalimu akacheka, akasema hilo hakuwahi kuulizwa darasani. Akamwonyesha dirishani kundi la ndege wadogo waliokuwa wakizunguka juu ya paa, mamia, wote wakipinda kwa pamoja kama kitambaa kimoja. Akasema hakuna ndege anayeamuru. Kila mmoja anamwangalia jirani yake tu, na lile umbo linatokea lenyewe.

"Kiongozi yupo," Mama Mizani akasema. "Anajificha."

Waliongea mpaka chai ikapoa. Mwalimu hakumficha kwamba hata wenye elimu zao wanabishana. Wapo wanaosema ukivijua vipande vyote barabara utakuwa umejua kila kitu, kinachoitwa kipya ni kipya kwa sababu hatukuangalia vizuri. Wapo wanaosema hapana, uvijue vipande mpaka ukome, kizima bado kitakushangaza. Yeye mwenyewe alifundisha miaka thelathini na hajui aegemee wapi. Jibu hilo lilimtia Mama Mizani wasiwasi zaidi. Mtu asiyejua anawezaje kuwa na uhakika kwamba hakuna mtu? Na isitoshe, mwalimu alikuwa akinunua sabuni kwa wifi kabla yeye hajaja. Huenda lao moja.

Mwalimu alimsoma usoni. "Basi usiniamini mimi," akasema. "Nunua vitu vyako mwenyewe, duka usilolizoea. Tumia mizani yako. Jifungie ndani, mimi nisiwepo, wifi yako asiwepo. Koroga bila kusimama mpaka mkono ukatae, kisha uendelee kidogo."

Akafanya hivyo Jumamosi asubuhi. Alifunga mlango wa karakana kwa komeo, akaangalia chini ya meza, akapima sufuria ikiwa tupu, akapima kila kitu kilichoingia. Akaanza kukoroga. Hakuchota wala kuandika, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kumvizia. Nusu saa ikapita, saa nzima ikakaribia. Bega liliuma, jasho likamwingia machoni. Mchanganyiko ulikuwa majimaji, na ulikuwa majimaji, na aliposhtuka mwiko ulikuwa unaacha njia nyuma yake, kama mtu anayekokota mguu kwenye mchanga laini. Hakuweza kusema ni mzunguko upi uliobadilisha. Aliurudisha mwiko nyuma kana kwamba angeukuta mpaka pale, huku mafuta, huku sabuni. Hakukuwa na mpaka.

Akapima sufuria. Uzito ulikuwa uleule ulioingia, ukiondoa mvuke kidogo uliopotea. Hakikuongezwa kitu.

Aliketi kwenye kigoda cha wifi na, kwa maneno yake mwenyewe, aliogopa. Maisha yake yote alikuwa ameamini kuwa kila geni lina mletaji, na sasa kitu kigeni kimekuja mbele ya macho yake, ndani ya chumba kilichofungwa, kwa mkono wake, na mletaji hayupo.

Alisubiri wiki nne sabuni ikomae. Akanawa, povu likajaa mpaka kwenye viwiko. Akafunga mche mmoja kwenye gazeti, akaenda kwa yule mpwa.

Wifi alikuwa anaanika nguo. Alimruhusu akae, hakumpa maji. Mama Mizani hakujua kuomba radhi, alikuwa na mazoea ya kuombwa. Alimkabidhi mche, wifi akaunusa, akaukwangua kwa ukucha, akasema umekorogwa vizuri. Hapo ndipo maneno yalipomtoka Mama Mizani: alifungua sanduku la mtu, alimwaga dawa ya mtu, na alifikiri vibaya hata juu ya marehemu.

"Kesho yake asubuhi sikuwa na dawa ya kumeza," wifi akasema. "Nilianguka jikoni kwa watu. Mpwa wangu alidhani nakufa."

Mama Mizani alilikunja lile gazeti tupu.

"Nikirudi," wifi akasema, "itabidi ujue la kufanya. Sitaki siku nikianguka uanze kutafuta nani kanisukuma."

Akamwelekeza palepale, kwenye mkeka: amgeuze kwa ubavu, asimtie kitu mdomoni, asimshikilie kwa nguvu, aondoe sufuria zilizo karibu, aangalie saa. Zikipita dakika tano aite watu wampeleke hospitali. Mama Mizani alirudia maelekezo mara tatu, kisha akalala yeye kwenye mkeka, naye wifi akamgeuza, wakafanya tena. Mpwa alipotoka nje akawakuta wanawake wawili wazima wanabingirishana uani, akarudi ndani bila kuuliza.

Walifanya kazi pamoja miaka minane. Mama Mizani hakuacha kupima, na kila mwalimu alipopita yeye alimwuliza tena juu ya ndege, na hakuridhika na jibu hata mara moja. Wifi alianguka mara mbili katika miaka hiyo. Mara zote mbili Mama Mizani alivuta sufuria kando, akamgeuza kwa ubavu, akamwekea khanga iliyokunjwa chini ya kichwa, akakaa sakafuni na saa mkononi akihesabu, mpaka wifi akafungua macho na kuuliza kama jiko limezimwa.