Popo wa Dari Mpya

Hadi leo nikiingia nyumba yenye dari mpya ya jipsamu na rangi ambayo haijakauka sawasawa, kinywa hunijaa mate ya kichefuchefu. Mniwie radhi. Wengine hapo husikia harufu ya maendeleo. Mimi husikia popo waliooza.

Baba alikuwa akikaanga na kuuza mgongo wazi katika soko la Migori, ile mifupa ya samaki mbuta inayobaki viwanda vikishachukua minofu. Tulikula, tukavaa na kusoma kwa mifupa hiyo. Lakini baba yake mama, mwalimu mkuu mstaafu wa Homa Bay tuliyemwita Kwaro, yaani babu, hakuwahi kukanyaga kwetu. Basi alipotuma habari kwamba atakuja, baba alipagawa. Ukuta uliotenga sebule na chumba cha kulia ukaangushwa, sakafu ikapata vigae, televisheni kubwa kama meza ikatundikwa, na juu ikapigiliwa dari nyeupe yenye taa za kujificha.

Popo walikuwa wakiishi chini ya mabati yetu tangu nizaliwe. Fundi aliziba matundu yote kwa saruji.

"Hao watajipanga," alimwambia baba.

Hawakujipanga. Walikufa. Kwanza tulisikia wakikwaruza, halafu kimya, halafu harufu: tamu, nzito, inayong'ang'ania hata kwenye chai. Madoa ya kahawia yakatanda darini. Asubuhi moja nikakuta funza wanene wakijinyonganyonga kwenye sofa jipya, wakidondoka kutoka tundu la taa. Baba alishikilia kwamba ni rangi tu, itakauka. Mgeni njoo, mwenyeji apone, mama aliimba akiwafagia. Sisi wenyeji tulikuwa karibu kuzimia.

Kwaro akaja na suti yake, akaketi ukingoni mwa sofa kama anayengoja kuitwa kwa daktari. Mama akamwandalia kuku na ugali wa wimbi. Alipokuwa akinawa, funza akamwangukia begani. Alimtazama, kisha akamtazama baba.

"Nilimwambia binti yangu," akasema taratibu. "Mtu wa mifupa, hata umjengee ikulu, atanuka mifupa."

Baba aliinamisha kichwa. Mama ndiye aliyeiondoa sahani mbele ya baba yake.

"Baba, miaka yote hujala kwangu. Usijilazimishe leo."

Kwaro akaenda zake. Kesho yake baba alipanda juu ya meza akaing'oa dari kwa mikono yake, mizoga ikimwangukia kichwani. Hakuirudisha tena.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba popo ndio waliotuharibia. Kisha, nikiwa nyumbani kwa likizo ya chuo, mama alinituma Homa Bay nimjulie Kwaro hali. Dari yake ya mbao ilikuwa na madoa yale yale, na popo walikuwa wakigombana humo mchana kweupe. Kinyesi chao kilitapakaa kwenye kitambaa cha meza. Kwaro alikipangusa kwa kiganja, kama makombo, akavuta sahani ya samaki.

"Karibu chakula, mjukuu wangu. Hawa usiwajali, ni wa siku nyingi."

Ndipo nilipojua kwamba siku ile, kwetu, si funza aliyemchukiza. Nilikitazama kile kiganja kikimega ugali. Nikamwambia nimeshiba, ilhali tangu Migori sikuwa nimetia kitu kinywani.