Kenchi Nne za Mama Mkwe

Mtaani wananiita Rula. Jina hilo nilipewa na mafundi wenzangu, kwa sababu sipigi msumari kabla ya kupima mara mbili, nami nikalivaa kama suti ya harusi. Kazi yangu ni kuezeka. Mwaka wa kumi na tisa huu niko juu ya nyumba za watu, na kama kuna aliyewahi kunilalamikia, basi alilalamika chini kwa chini. Anayenisifu kuliko wote ni mama mkwe wangu. Anashona nguo nyumbani kwake, ng'ambo ya ua wetu, na mteja akija kupimwa gauni ataoneshwa paa pia. "Kazi ya mkwe wangu hiyo," husema. Mimi nikipita huinamisha kichwa, watu wakadhani ni adabu.

Adabu gani! Ilikuwa aibu tupu. Nyumba ile ina kenchi kumi, zile fremu za mbao zinazobeba mabati, na kila kenchi hufungwa ukutani kwa waya mnene ili upepo usije ukaibeba. Nilifunga sita. Waya uliniishia Jumamosi saa nane mchana, na saa tisa kulikuwa na fainali kwenye televisheni. Nikajiambia Jumatatu nitamalizia. Jumatatu nikakuta fundi wa dari kaniwahi, ameshafunika kila kitu, na kumwambia abandue kulitaka nieleze kwa nini. Rula mzima nieleze? Nikanyamaza. Kesho ikazaa kesho mpaka ikafika miaka mitatu, na kila wingu zito likitanda, nilitoka uani kulitazama paa lile.

Siku ya dhoruba redio ilitangaza tangu asubuhi kwamba watu wabaki majumbani. Tukafunga madirisha, mke wangu akajaza ndoo maji, binti yetu wa miaka saba akajichimbia chini ya meza na mto wake, akiona raha kweli kweli. Alasiri upepo ukaanza kulipigapiga geti. Mke wangu akampigia simu mama yake aje kwetu.

"Nije kufuata nini?" mama akajibu, sauti yake ikisikika chumba kizima. "Paa langu kaezeka mumeo. Nyie ndio mje huku."

Wakacheka wote wawili. Mimi nikavaa koti, nikasema namfuata.

Nilivuka ua nimejikunja, nikamkuta ameinamia cherehani kana kwamba nje hakuna kitu.

"Mama, twende kwetu."

"Una nini wewe leo? Huiamini kazi yako?"

Hapo ndipo pa kusema. Badala yake nikasema, "Mjukuu wako anakulilia. Tumembembeleza, hataki kunyamaza."

Alisimama hapo hapo, akaacha kitambaa kwenye sindano.

Hazikupita dakika kumi tangu tuingie kwetu. Tulisikia misumari ikilia, kisha paa la mama, upande wa chumba cha kushonea, likanyanyuka, likakunjika na kuangukia barabarani. Upande wenye zile kenchi sita haukutikisika. Kutoka dirishani kwetu, kupitia dirisha lake, tuliiona mvua ikimiminika juu ya cherehani.

Mke wangu alianza kulia. Mama akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Ahsante, baba. Usingekuja kuniambia mjukuu wangu ananililia, saa hizi ningekuwa maiti."

Masikio yaliniwaka moto. Mke wangu tayari alikuwa kwenye simu, anamhadithia dada yake jinsi mume wake alivyo na machale.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia chini ya meza.

"Bibi," binti yangu akasema, "mbona mimi sikulia?"

Mama alimtazama, akanitazama mimi, kisha, akiwa bado amenishika kwa mkono mmoja, akageukia dirishani. Aliliangalia paa lake, nusu limesimama, nusu halipo. Huyu ni mtu wa kufumua gauni zima kwa sababu ya mshono mmoja ulioruka, na alipogeuka nilijua ameuona wangu.

"Mkwe, upande ule uliufunga?"

"Sikuufunga, mama."

"Na ulijua?"

"Nilijua. Miaka yote mitatu."

Mke wangu aliishusha simu taratibu, dada yake bado anaongea. Mama akainua macho, akaikagua dari yetu toka pembe hadi pembe. Hakukuwa na hata tone.

"Na hapa kwako?"

Ningeweza kudanganya tena, lakini paa lenyewe lilikuwa juu yetu, kimya.

"Hapa nilifunga zote."

Aliutoa mkono wake kwenye wangu, akaenda kukaa sakafuni kando ya mjukuu wake. Dhoruba iliendelea mpaka jua likazama, na hakuna kati yetu aliyekuwa na pa kwenda.