Zeze ya Baba na Ng'ombe Mwenye Kufiwa

Leo mujukuu wangu alitia ulimbo wa muti mu moto ili moshi ifukuze imbu. Nilimwambia azime. Sikumupa sababu.

Baba alikuwa anapakaa ulimbo kama ule ku upinde wa zeze yake. Arusi zote za kwetu Fataki, ni yeye walikuwa wanaita. Lakini siku moja, nikiwa ningali mudogo, alipigia ng'ombe. Mama alikuwa ametoka kuzaa, mugonjwa, ziwa lake limekauka. Na ng'ombe wetu mumoja alifiwa na ndama, akakatala kukamuliwa. Kwetu, ng'ombe kama huyo wanamubembeleza na zeze mupaka aachilie maziwa.

Baba mudogo alichuchumaa na kibuyu. "Kaka, weye uliyechezesha hata wakwe wenye kununa! Huyu ndiye atakushinda?"

Baba alipiga mupaka vidole vikatoka damu. Kibuyu kilibaki kikavu. Mutoto alikuwa ku mugongo wangu. Alilia, kisha akanyamaza. Baba mudogo akamugusa ku pua, akaangalia baba.

"Mutoto amelala?" mama akauliza toka ndani.

Baba alipakaa ulimbo tena, akaendelea kupiga.