Mate ya Asubuhi

Pale karakana ya sare za shule walimwita Mama Kola, maana kola zake zilinyooka kuliko maneno ya msimamizi. Siku hizi alishona moja, kisha akaegemeza kichwa kwenye cherehani. Wala si usingizi, maana usingizi, mtu akilala, unaisha. Uchovu huu wa matibabu ya saratani ya titi alilala nao, akaamka nao.

Msimamizi, ambaye huruma yake yote ingepita kwenye tundu la sindano, alimwambia, "Dada, nywele si zimeanza kuota? Kuchoka wote tumechoka. Niletee neno la daktari, la sivyo kiti nampa mwingine."

Daktari akataka kumpima homoni ya msongo, ile ambayo asubuhi hupanda ikamwinua mtu kitandani na jioni hushuka apate kulala. Nesi akampa vichupa: ateme mate punde tu anapofumbua macho, kabla ya chai na mswaki. Mama Kola alifurahi. Angalau sasa mwili ungejisemea wenyewe, naye asingeitwa mvivu tena.

Vichupa alivishika mama yake mzazi, aliyekuja kumuuguza, bibi wa kufagia hata palipo safi.

"Nimeshatema?" Mama Kola aliuliza kila asubuhi, macho hayafunguki.

"Tayari, mwanangu. Lala."

Majibu yakatoka. "Homoni yako iko sawa kabisa," daktari alisema. "Asubuhi inapanda vizuri. Sioni cha kukuzuia kazi."

Kwenye benchi la nje Mama Kola alilia bila kujificha. "Kiti changu ndiyo basi, mama. Hata mate yangu yamenikana."

Bibi alisokota ncha ya mtandio. "Si yako. Yangu. Ulikuwa umelala fofofo, nikaona kukuamsha ni kukuonea. Nikasema mate ni mate, si nimekuzaa mwenyewe? Nikatema mimi."

Mama Kola alitaka kukasirika, lakini hata hasira inataka nguvu. Mlango wa daktari ulikuwa palepale.

"Inuka tukamwambie," bibi alisema, akimvuta mkono.

Alijaribu. Akainuka nusu, akarudi kuketi.

"Nenda wewe, mama," alisema. "Wewe ndiye mzima. Wamekupima."